Ubao wa Prof Haufutwi

Kwa miaka tisa nilikuwa katibu wa semina ya hisabati ya kila Alhamisi, na kama toharani iko kweli, basi mimi sehemu yangu nimeimaliza hapa hapa Bukavu, kwenye benchi la mbao, saa nne asubuhi, kalamu mkononi. Mungu akinipokea na kuniuliza niliteseka wapi, sitahangaika kutafuta jibu.

Kazi ya katibu ni PV. PV ni ripoti ya kikao: nani alikuja, nani aliomba udhuru, nani alisema nini, kikao kiliamua nini. Kwetu, jambo ambalo halina PV halikutokea. Unaweza kusimama mbele ya watu kumi na wawili ukathibitisha jambo ambalo hakuna mtu duniani aliwahi kulithibitisha, watu wakapiga makofi mpaka mikono iwawashe. Kama hakuna karatasi yenye saini ya Prof, mwenyekiti wa semina, au ya Mkuu wa departement Prof akiwa safarini, na muhuri wa departement, ulikuwa unapiga kelele zako tu. Nimeona watu wazima wenye mvi wakilia kwa sababu ya PV. Sitii chumvi, nasema walilia.

Salle, yaani chumba cha semina, iko juu kabisa, chini ya mabati. Dirishani unaona kipande cha ziwa, na kelele za moto, yaani pikipiki, zinazopanda kutoka Nyawera zinaingia bila kubisha hodi. Mvua ikinyesha, mabati yanachukua neno na msemaji anabaki kuchezesha midomo. Projecteur tunayo. Taa yake iliungua zamani. Barua ya kuomba nyingine nimeiandika mara nne, na mara nne nimejibiwa kwamba barua yangu imepokelewa vizuri. Kwa hiyo sisi ni watu wa chaki na ubao. Ubao mmoja, wa saruji iliyopakwa rangi nyeusi, unaoanzia mlangoni na kuishia dirishani.

Ubao huo una sheria yake. Haijaandikwa popote, na labda ndiyo maana haivunjwi. Profesa akimaliza kuandika na hataki kazi yake ipotee, anaweka pembeni herufi tatu, N.P.E., ne pas effacer, yaani usifute, na anazizungushia duara. Basi. Kuanzia hapo mpaka atakaporudi kufuta kwa mkono wake, hakuna mtu wa kugusa. Wanasema zamani mfagiaji mmoja alifuta kazi ya siku tatu ya profesa fulani, na yule profesa akaugua. Kama ni kweli, sijui. Mimi nilipoingia hapa kama mwanafunzi nilikuta sheria imeshazeeka.

Sheria ya pili ni ya maswali. Yanaulizwa kwa cheo. Kwanza Prof, kisha Mkuu wa departement, kisha chefs de travaux, wahadhiri wasio maprofesa, ambao tuko wawili, mwenzangu na mimi, na mwisho, kama muda umebaki, assistants, wahadhiri wasaidizi. Muda haubaki. Miaka tisa sijauona ukibaki. Kwa sababu kabla ya kuuliza, mtu anaanza na salamu: anamshukuru Prof kwa kuwepo, anamshukuru Mkuu, anamshukuru msemaji kwa kazi iliyochimbwa vizuri, anaomba msamaha kwa kuchukua neno, na sasa ni saa tano na nusu na bado hatujui anataka kuuliza nini. Heshima si utumwa, walisema wazee. Waje basi wakae na sisi Alhamisi moja.

Mwaka ninaousimulia tulikuwa na assistant mmoja mwanamke. Alikuwa anakaa Bagira na mama yake na mtoto wake wa kike, anapanda minibus ya asubuhi sana, na kila Alhamisi ndiye wa kwanza kufika baada yangu mimi mwenye ufunguo. Mtu wa maneno machache. Daftari lake lilikuwa na jalada la plastiki la kukinga mvua, na ndani yake kulikuwa na akili kuliko yetu sote tukijumlishwa, nasema hivyo bila wivu, au kwa wivu kidogo tu.

Shida yake ilikuwa moja na kila mtu aliijua. Assistant anapewa mandat, muda wa kazi, na mandat inaongezwa tu kama amepitisha mada tatu kwenye semina: PV tatu, kila moja na maneno "avis favorable," yaani kikao kimekubali. Mandat yake ilikuwa inaisha Julai. PV mbili alikuwa nazo. Ya tatu ilibidi ifike faculté, ofisi ya kitivo, kabla ya saa sita mchana, Alhamisi ya mwisho ya Juni, maana kesho yake conseil, baraza la kitivo, inakaa na kuamua. Ikichelewa, anapewa barua ya shukrani na anarudi Bagira. Miaka sita ya kazi, kwaheri.

Mada yake ilikuwa grafu, yaani nukta na mistari. Alipenda kuieleza hivi: nukta ni vijiji, mistari ni njia, na unataka kupaka kila kijiji rangi ili majirani wawili wasiwe na rangi moja, unahitaji rangi ngapi? Inaonekana kama mchezo wa watoto. Siyo. Inahitaji michoro mikubwa, mitano au sita pembeni kwa pembeni, mmoja ukizaliwa na mwingine, na ukifuta wa kwanza hakuna atakayeelewa wa sita. Kwa kifupi, inahitaji ubao.

Sasa ngoja nikuambie kilichoupata ubao. Alhamisi ya kwanza ya Mei, Prof wetu alisimama kufundisha. Ni mzee mwembamba, amewafundisha karibu wote wanaofundisha hisabati upande huu wa ziwa, mimi nikiwemo. Tunamwogopa, na si kwa ukali. Hajawahi kupaza sauti. Tunamwogopa kwa sababu yeye anasikiliza kweli, na mtu akikusikiliza kweli unajisikia unavyosema ujinga. Siku hiyo aliandika mistari kumi na minane, theluthi mbili za ubao, herufi zake ndogo zilizonyooka. Kwenye mstari wa kumi na nane akasimama. Akautazama ubao muda mrefu. Kisha akaandika N.P.E., akaweka duara, akafuta vidole kwa leso, akachukua mkoba wake na kuteremka bandarini kupanda boti ya kwenda Goma, ambako alikuwa na cours za kufundisha. Alisema majuma mawili.

Yalikuwa saba.

Majuma saba, bwana! Alhamisi ya pili tulikuwa na mgeni, mtafiti mmoja kutoka Lwiro, mtu mpole, amekuja na mikunjo yake, ile mistari ya kupanda na kushuka ya matetemeko ya ardhi. Mkunjo wa tetemeko unaenda kulia, unaenda mbali. Tukamwonyesha theluthi yake karibu na dirisha. Aliangalia ubao, akaniangalia mimi, akauliza kama kuna mtu amefariki. Nikamwambia hapana, ni N.P.E. Akachora mkunjo wake ukiwa umesimama wima, na sisi sote tukainamisha vichwa upande mmoja kwa saa nzima. Shingo iliniuma mpaka Jumapili, na kwenye PV nikaandika kwamba hewa ya kikao ilikuwa nzuri.

Alhamisi ya tatu ilikuwa zamu ya assistant wetu. Alikuwa amekuja na chaki za rangi nne, amezinunua mwenyewe. Akaanza kuchora kwenye ile theluthi: michoro midogo midogo, amebanana na dirisha, kiwiko kinagonga kioo. Kufika mchoro wa tatu nafasi ikaisha. Akageuka akatazama ile sehemu ya Prof, kisha akanitazama mimi. Nikatazama daftari langu.

"Mbele ya yote ningependa kumushukuru Mukuu," akaanza mwenzangu, chef de travaux mwenzangu, mtu wa itifaki kuliko askofu. Akashukuru na kushukuru. Kisha akasema: "Lakini miye, apa nyuma, sione kitu. Iko naona vidoadoa tu. Mutu anawezaje kukubali kitu haone?"

"Ni kweli," alisema Mkuu wa departement. "Tuirudishe nyuma. Avis reporté."

Imeahirishwa. Maneno mawili, na mwanamke wa watu akakusanya chaki zake nne. Nilikasirika. Nikasema, na hiyo niliiongeza kwenye PV kwa mkono wangu, msinione mwoga wa kila siku: "Wazee, jambo hili ni dogo. Tupige picha kazi ya Prof kwa simu, tuinakili pia kwenye karatasi kubwa, herufi kwa herufi, tufute. Akirudi tutamwandikia upya."

Aka! Ungefikiri nimependekeza tuuze kanisa kuu. Mwenzangu alisimama.

"Foto iko foto, ubao iko ubao. Prof hakuandika N.P.E. isipokuwa mukiwa na telefone."

"Tena nani atainakili?" akauliza Mkuu. "Akikosea alama moja?"

Tulijadili dakika arobaini. Watu wenye diploma, watu ambao wanaweza kukuambia kuna aina ngapi za kisicho na ukomo, dakika arobaini juu ya kama picha inahesabika. Mwishowe ikaamuliwa nimpigie simu Prof palepale, sauti ikiwa wazi ili kila mtu asikie.

"Prof, ni siye ba semina. Iko shida kidogo ya ubao."

"Shida gani?"

"Nafasi, Prof. Tulikuwa tunataka kufuta ile kazi yako, tukishakamata foto..."

"Musifute. Muiache pale. Niko narudia juma ya kuya."

Akakata. Mwenzangu akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Juma ya kuya, yaani lililofuata, haikuja naye. Alhamisi ya nne hapakuwa na semina kwa sababu Mkuu alikuwa na mazishi kwao. Alhamisi ya tano assistant wetu alisimama tena. Safari hii alikuwa amechora michoro yake nyumbani kwenye karatasi za kalenda za zamani, upande mweupe, makaratasi sita yaliyogundishwa pamoja, na mtoto wake alikuwa amemsaidia kupaka rangi. Akazibandika dirishani kwa sababu ukuta mwingine haukuwepo. Mwanga wa nje ukapita ndani yake, na tukaona grafu pamoja na matangazo ya kalenda ya nyuma, nyama ya makopo na mtakatifu wa mwezi wa Oktoba. Kisha mvua ikaanza. Mabati yakalia. Alisema kwa saa nzima, nikaona shingo yake inavyokaza kwa kupaza sauti, na hatukusikia hata neno. Avis reporté.

"Pole, maman," nilimwambia kwenye ngazi.

"Aksanti, Chef," akajibu. Mtu wa cheo changu wanamwita Chef. Usifikiri ni ukubwa. Alikuwa amebeba yale makaratasi chini ya kanzu yake yasilowe. "Inabakia Alhamisi ngapi?"

"Tatu."

Alihesabu mwenyewe kwa vidole, ingawa nimeshamwambia.

Alhamisi ya sita salle ilichukuliwa na mtihani. Alhamisi ya saba akidi haikutimia, tulikuwa watu wanne na sheria inataka saba. Mwenzangu alikuwepo mlangoni kabisa, akakataa kuingia kwa sababu hakuwa amealikwa kwa maandishi. Namwomba Mungu anisamehe nilichowaza juu yake siku hiyo. Na katika majuma hayo yote ile kazi ya Prof ilikaa pale, safi, imelindwa. Mfagiaji alikuwa anafuta pembeni yake kwa kitambaa chenye unyevu, taratibu, anazungukia kila herufi. Wanafunzi wakiingia walikuwa wanakaa mbali nayo. Sisi tulikuwa tunaipita tukienda kwenye viti vyetu, na naapa, kuna mmoja wetu, simtaji hata kwa cheo, nilimwona anaiinamia kichwa.

Ikafika Alhamisi ya mwisho ya Juni. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala vizuri kwa hasira, na saa moja asubuhi nilikuwa nimeshafungua mlango wa salle nikiwa na kitambaa kilicholoweshwa maji. Nilikuwa nimeamua. Liwalo na liwe. Nitafuta, nitasema ni mvua, nitasema ni shetani, mandat ya mtu haiwezi kufa kwa sababu ya duara la chaki.

Prof alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele.

Alikuwa na koti lake, mkoba miguuni, ameshuka kwenye boti ya asubuhi. Mfagiaji ndiye aliyemfungulia mlango wa nyuma. Nikasukuma kitambaa ndani ya mfuko wa suruali, maji yakaanza kuteremka kwenye paja.

"Umeamka mapema," akasema.

"Kazi, Prof."

Saa nne watu walikuwa wameenea, hata zaidi ya akidi, maana habari ya kurudi kwa Prof ilikuwa imefika kila kona. Assistant alikaa nyuma na chaki zake. Mkuu akasimama kuanza salamu, Prof akainua mkono.

"Leo tuache salamu. Mbele ya maman kuongea, niko na swali moja tu. Ile kazi yangu iko pale ku ubao tangu mwezi wa tano. Nani iko na observation?"

Majibu yakaenda kwa cheo, kama kawaida. Mkuu alisema hana observation, yaani maoni, isipokuwa pongezi. Mwenzangu alisema tumeilinda vizuri, hata nukta moja haijapotea, alihakikisha mwenyewe. Ikafika kwangu. Nilikuwa na hamu ya kusema mengi, lakini juu ya kile kilichoandikwa pale nilikuwa na nini? Miaka tisa mdomo wangu umezoea neno moja, ukalisema.

"Sina, Prof."

Hapo kwa kawaida inaishia. Lakini yeye hakuondoa macho kwenye watu. "Ba assistants?"

Assistant wetu alisimama polepole, akanyoosha kidole kwenye mstari wa nne. "Ligne ya ine, Prof."

"Inafanya nini?"

"Uligawanya pande zote mbili na tofauti ya a na b. Lakini hakuna fasi unaonyesha kama a na b haziko sawa. Kama ziko sawa, uligawanya na zéro."

Watu walisogeza miwani. Benchi zikalia. Kwa mara ya kwanza katika Alhamisi nane, semina ya hisabati ilisoma ubao wake. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Na ilikuwa pale, wazi, kosa ambalo tunamkataza mtoto wa mwaka wa kwanza wa secondaire, na kila kitu kilichofuata, mistari kumi na minne, kilikuwa kimesimama hewani. Mama yangu! Nilihisi masikio yanapata moto.

"Aksanti," alisema Prof. "Niliiona ku boti, siku ile ile nilienda. Nilijua iko kosa, sikujua namna ya kuitengeneza. Nilikwama. Mutu akikwama anaita batu." Akatutazama mmoja mmoja, kwa cheo. "Nilisema musifute. Sikusema musisome."

Mwenzangu alikuwa anatafuta kitu chini ya benchi.

"Na weye," Prof akamgeukia assistant, "uliiona lini?"

"Juma ya kwanza, Prof."

"Ulimwambia nani?"

Alitazama kucha zake zenye vumbi la chaki, na hakuinua macho upande wangu hata kidogo.

Msomaji, nimekusimulia haya yote na kitu hiki sikukuambia, kwa sababu hata mimi nafsi yangu sikuwa nimejiambia. Kesho yake baada ya Prof kupanda boti, assistant alinikuta kwenye ngazi. Alikuwa amelifungua lile daftari lake. "Chef," alisema, "dakika moja tu, ile ligne ya ine..." Mimi nilikuwa na funguo mkononi, nilikuwa na barua ya nne ya projecteur ya kuandika, na nilikuwa nimechoka na kila mtu. Nikamwambia: "Ngoja, maman. Zamu yako itafika." Nikateremka. Na tangu siku hiyo nilizunguka majuma saba nikilaumu itifaki ya wengine.

Prof hakurudia swali lake. Alisimama, akaenda ubaoni, akafuta mistari yake kumi na minane kwa kiganja cha mkono, duara na herufi zake tatu pamoja. Alipomaliza koti lake lilikuwa jeupe mpaka kwenye bega.

"Kamata ubao yote," akamwambia assistant.

Alikamata ubao wote. Alichora kutoka mlangoni mpaka dirishani, vijiji na njia, nyekundu, njano, buluu na nyeupe, na sauti yake ile ya chini ikatosha salle nzima kwa sababu hakuna aliyekohoa. Dakika hamsini. Prof aliuliza maswali matatu, magumu, mafupi, hakumshukuru mtu. Akajibiwa yote matatu. "Avis favorable," akasema, na hata Mkuu alisahau kusimama kwanza. Mandat yake iliongezwa, hilo nikuambie kabisa usikae na wasiwasi. Mwenyewe niliipeleka karatasi faculté mbio, kitambaa bado mfukoni, na nilifika kabla ya saa sita.

Lakini kwanza ilibidi karatasi isainiwe. "PV," Prof aliniambia, akanyoosha mkono. "Andika sasa, nisaini sasa."

Na mimi nilikuwa nayo tayari. Hapo ndipo nilitamani sakafu ipasuke. Kwa miaka tisa nilikuwa naandika PV siku moja kabla, Jumatano jioni nyumbani, kwa mashine, kwa sababu mambo yetu hayabadiliki: salamu zilezile, watu walewale, nilikuwa naacha nafasi ya tarehe, mada na avis tu. Nilimpa kwa sababu sikuwa na nyingine. Alisoma yote, hakuruka mstari. Prof: pongezi, na Jumatano hakuwepo hata Bukavu. Mkuu: pongezi. Chefs de travaux: hawana. Na chini kabisa, limepigwa chapa kabla hata jua la Alhamisi halijatoka: Assistants: néant. Hakuna kitu.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alipiga mstari mmoja juu ya ile néant, akageuza karatasi upande mweupe, akamwekea assistant mbele yake pamoja na kalamu yake.

"Andika weye mwenyewe. Yote ilifanyika, kutoka mwanzo."

Aliandika taratibu, mwandiko wa shule ya masista, kila herufi imekaa mahali pake. Aliandika mstari wa nne na kosa lake. Aliandika swali la Prof, uliiona lini, na jibu lake. Aliandika swali la pili, ulimwambia nani, na hapo kalamu ikasimama. Wote walikuwa wanangoja. Saa ilikuwa tano na dakika hamsini.

"Chef," akaniambia kwa sauti ya chini, kwa adabu ileile ya siku zote, "apa niandike nini?"

Angeweza kuacha nafasi tupu na nisingemlaumu. Nilivuta benchi nikakaa pembeni yake.

"Andika chef de travaux, secrétaire wa semina," nikamwambia. "Usifupishe."